Damu Chini ya Nywele Mpya

"Nywele za mwanangu hazifumuliwi!"

Mama wa marehemu alisema hivyo akiwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha maiti, mikono ameitanua na kushika miimo yote miwili, kama mtu anayezuia mbuzi wasiingie shambani. Alikuwa mwanamke mrefu, muuza vitambaa, aliyezoea kubishana na wateja kutwa nzima na kushinda. Lakini aliyesimama mbele yake hakuwa mteja. Alikuwa mpelelezi wa makosa ya jinai, mwanamke mfupi, mnene, ambaye kituo kizima cha polisi kilimwita Bi Kwanini, kwa sababu hajapata kupewa jibu akaridhika nalo.

"Mama, pole na msiba. Lakini daktari hawezi kuchunguza kichwa asichokiona."

"Achunguze nini tena? Alama za vidole ziko mkononi mwa mwanangu, kila mtu kaziona. Muuaji mnaye ndani. Mwanangu alisukwa aende harusini kwa mdogo wake, harusini hakufika. Basi nywele zake aende nazo."

"Nitazifumua mimi, mwanamke mwenzako. Si mwanamume. Na nitafumua pale panapohitajika tu."

 Mikono ya yule mama ikashuka yenyewe, akaketi kwenye benchi la korido na kujifunika uso.

Kesi yenyewe, kwa wote waliokuwa na haraka nayo, ilikuwa imekwisha. Marehemu alikuwa fundi wa magauni, mke wa mchora mabango. Jana asubuhi mumewe aliamka akamkuta wa baridi. Jirani wa chumba cha pili alieleza kwamba usiku alimsikia mwanamke akipiga kelele, "Niache! Usinivute!" kisha mlango ukabamizwa, kisha kimya. Juu ya kiwiko cha marehemu kulikuwa na alama nne za vidole na moja ya gumba. Kabla jua halijawa kali, majirani walikuwa wameshavunja ngazi ya yule mchoraji na kummwagia rangi zake mwilini, na polisi walipomchukua, ilikuwa kumwokoa kama vile kumkamata. Mkuu wa kituo alitaka afikishwe mahakamani kesho kwa kosa la kuua. Kosa hilo halina dhamana, na mwisho wake kila mtu anaujua.

Ndani ya chumba cha maiti, daktari wa uchunguzi, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa akinawa mikono.

"Shingo haina kitu," alisema. "Hakunyongwa. Tumbo, mapafu, moyo, vyote vizima. Ule mkono umeshikwa kwa nguvu, ni kweli, lakini hakuna mtu aliyekufa kwa kushikwa mkono."

"Kichwa?"

"Mganga wa zamu aliandika kichwa hakina jeraha. Alikitazama kikiwa kimesukwa. Ni sawa na kukagua nyumba ukiwa barabarani."

Bi Kwanini alivaa glavu, akachukua kitana chenye mkia mrefu, akainama. Konstebo wake, kijana mrefu waliyemwita Mlingoti, alibaki mlangoni na leso puani.

"Mlingoti, ukitaka kuanguka, angukia nje."

"Niko salama, afande. Ni macho tu yanayotoka machozi."

Zilikuwa nywele za kusukwa vizuri hasa. Njia zilinyooka kama zimepigwa rula, kutoka kwenye paji hadi kisogoni, na kila mstari ulikuwa umekazwa hadi ngozi ikanyanyuka. Bi Kwanini alipitisha kidole kwenye njia moja baada ya nyingine. Alipofika juu ya sikio la kushoto, kidole kilisimama.

"Hapa amekosea," alisema.

"Nani?" akauliza daktari.

"Msusi. Kichwa kizima mistari imenyooka. Hapa pamepinda, na nywele zimelegea. Kwanini?"

Alifumua mstari ule, akafumua na wa pili yake. Chini yake palikuwa na uvimbe mpana, na katikati ya uvimbe mchubuko mdogo wenye kona, kama ncha ya chuma iliyogusa ngozi ikaondoka. Mchubuko ule ulikuwa na kigaga. Daktari alisogeza taa.

Kazi iliyofuata aliifanya daktari, na Mlingoti alitoka nje mwenyewe bila kuambiwa. Daktari alipoichana na kuifunua ngozi ya kichwa, upande wa ndani ulikuwa umevilia damu nyeusi. Chini yake, kwenye fuvu, kulikuwa na ufa mwembamba kama uzi. Na fuvu lilipofunguliwa, bonge la damu lilikuwa limelala kati ya mfupa na utando wa ubongo, pana kama kiganja, na ubongo upande ule ulikuwa umebonyea.

"Haya ndiyo mauti yake," alisema daktari. "Mfupa wa hapa juu ya sikio ni mwembamba, na nyuma yake unapita mshipa wa damu. Mfupa ukipasuka, mshipa hukatika. Damu inatoka ndani, haina pa kwenda, inaanza kuusukuma ubongo. Polepole. Hata tone moja halionekani nje."

"Alikufa papo hapo?"

"Hapana. Hilo ndilo watu wasilolijua." Alivua miwani. "Mtu wa hivi anagongwa, anazubaa kidogo, anasimama. Anaongea, anacheka, anakwenda na shughuli zake. Saa zinapita. Halafu kichwa kinaanza kuuma, anatapika, anasinzia, anakoroma. Watu wanasema kalala, tusimwamshe. Kumbe ndiyo anakwenda. Mtu akigongwa kichwa akasimama, wenzake hushukuru Mungu na kuendelea na kazi. Mimi ndipo ninapoanza kuogopa."

Bi Kwanini alisugua kidole chake cha glavu kwenye kidole kingine. Kiliteleza.

"Mafuta," alisema. "Msusi akimaliza hupaka mafuta kwenye njia. Tazama hapa, daktari. Mafuta yako juu ya kigaga au chini yake?"

Daktari aliinama, akatumia kioo cha kukuzia. 

"Juu."

"Basi kidonda kilishaanza kukauka mafuta yalipopakwa."

"Naam. Aligongwa kabla hajasukwa."

"Na alisukwa juzi alasiri. Ugomvi na mumewe ulikuwa usiku."

"Hayo ya ugomvi ni yako, afande. Mimi yangu ni mafuta na kigaga."

"Swali la mwisho. Angeletwa hospitali, angepona?"

Daktari alimjibu. Lilikuwa jibu fupi, na Bi Kwanini hakuuliza kwanini.

*

Mchora mabango alikuwa ameketi sakafuni mwa mahabusu, rangi nyekundu na ya bluu imemkaukia shingoni. Bi Kwanini aliomba kigoda, akakaa nje ya nondo.

"Ulimvuta mkeo mkono?"

"Nilimvuta. Sijakataa tangu jana."

"Kwanini?"

"Nimpeleke hospitali." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyerudia jambo hadi limechakaa. "Nilimwambia askari wa zamu, akasema kila mume ana hadithi."

"Nihadithie mimi."

"Alirudi jioni amesukwa, kapendeza, anajiangalia kwenye kioo. Mara kichwa kinauma. Akasema ni nywele, ameonywa na msusi zitauma. Akameza vidonge. Baadaye akatapika, akasema vidonge vimekuta tumbo tupu. Kisha akaanza kuongea kama mlevi. Nikamwambia, mke wangu, twende hospitali. Akasema, nikifika huko watanifumua, na harusi je? Nikamshika mkono. Ndipo akapiga kelele. Akampigia mama yake simu, akaiweka sauti ya nje nisikie."

"Mama yake alisemaje?"

"Nimwache mwanawe apumzike." Alikwangua rangi kwenye kucha. "Mimi ni nani nibishane na mama mkwe? Nikatoka, nikaubamiza mlango, nikakaa nje mpaka hasira ziishe. Niliporudi anakoroma. Mke wangu hakoromi, afande. Nikasema huyu amechoka. Nilifurahi. Nilifurahi kwamba amelala."

"Alikwambia amejigonga?"

"Amejigonga wapi?" aliuliza, akanyanyua kichwa. Hakuwa mtu anayejifanya hajui.

Mkuu wa kituo alikuwa akimngoja koridoni, kofia kwapani.

"Nasikia umekwenda kusuka, Bi Kwanini."

"Kufumua, mkuu."

"Jalada liwe mezani kwangu kabla ofisi hazijafungwa. Watu wako nje wanataka kumwona mahakamani."

"Daktari anasema aligongwa kabla ya ugomvi."

"Basi alimpiga mchana, wakagombana usiku. Una mtu mwingine? Una mahali alipogongwa? Huna. Mafuta ya nywele hayasimami kizimbani yakala kiapo."

Hapo mkuu alikuwa na haki, na Bi Kwanini alilijua hilo. Alimwita Mlingoti, wakaondoka.

*

Saluni ilikuwa chumba kimoja chenye vioo viwili na feni iliyokuwa ikilalamika. Msusi, mwanamke wa makamo ambaye wateja wake walimwita Mama Mistari, alikuwa akifagia nywele zilizokatwa. Alipoiona sare ya Mlingoti, ufagio ulisimama.

"Nilimsuka, ndiyo. Akalipa akaondoka, mzima wa afya. Zaidi ya hapo sijui."

"Hukuona kitu kichwani?"

"Nione nini? Nywele."

"Hukugusa nundu?"

"Sikugusa. Afande, mimi nasuka, sipimi wagonjwa."

Bi Kwanini alijitazama kwenye kioo, akajirekebisha kitambaa cha kichwa. "Nimeiona kazi yako leo. Nzuri. Watu wanasema mkono wako haukosei."

"Miaka yote hii, mstari wangu haujapinda."

"Ila juu ya sikio la kushoto. Pale ulikosea. Pamepinda kama njia ya mlevi."

"Nikosee mimi?" Mama Mistari aliweka ufagio ukutani. "Sikukosea! Nilikwepa!"

Feni ililalamika peke yake. Mlingoti alikohoa ili asicheke, kisha akaona uso wa yule mwanamke, na kicheko kikamwisha.

"Ulikwepa nini, dada yangu?" Bi Kwanini aliuliza, taratibu.

Msusi aliketi kwenye kiti cha wateja.

"Kulikuwa na nundu. Lina joto. Nilipoligusa akaruka. Nikamwambia, hili vipi? Akasema, nimejigonga, wewe suka usinicheleweshe. Nikamtania, ni mumeo huyo? Akacheka, akasema mume wangu anajua kupiga brashi tu. Tukacheka wote. Kwa hiyo nikalizunguka, nikaacha nywele za hapo zilegee, kwingine nikakaza." Alifuta macho kwa kiwiko. "Kitu kimoja. Aliniuliza harusi ni lini. Na ni yeye aliyeniambia muda mfupi kabla. Aliniuliza mara mbili. Nikadhani mawazo."

"Alipoondoka ulimwambia nini?"

"Ninachowaambia wote. Leo zitauma, kesho zitalegea."

"Alitoka wapi kabla ya kuja hapa?"

"Kwa mama yake dukani. Alikuja na mfuko wa kitambaa cha gauni, akautundika pale."

"Kwanini ulinificha?"

"Nani angenielewa? Wangesema Mama Mistari kasuka maiti."

*

Duka la vitambaa lilikuwa limefungwa kwa msiba, lakini mlango wake wa chuma, ule wa kukunja kwenda juu, ulikuwa umenyanyuliwa nusu na kuegemezwa kwenye gongo la mti. Ndani, mama wa marehemu alikuwa ameinama juu ya meza, anapima kitambaa cheupe. Mkasi ulikuwa mkononi. Hakutaka mtu mwingine amkatie mwanawe nguo ya mwisho.

Mlingoti aliinama kuingia.

"Kichwa! Angalia kichwa, baba!" mama alipaza sauti bila hata kufikiri. "Usiguse hilo gongo. Mlango huo springi yake imekufa, hauna adabu, umeshapiga watu. Hata mwanangu juzi..."

Mlingoti alibaki vilevile, ameinama nusu, mkono mmoja kwenye paji. Karibu na sikio lake ulining'inia mwisho wa pao la chini la ule mlango, kona ya chuma iliyolika kwa kutu.

"Juzi ikawaje, mama?" aliuliza Bi Kwanini.

"Ulimgusa kidogo. Alikuwa anatoka na kitambaa chake, kiwiko kikapiga gongo, ukashuka."

"Ulimgusa wapi?"

 Mama aliinua mkono wenye mkasi, akaugeuza, akaweka mgongo wa kiganja juu ya sikio lake la kushoto.

 Bi Kwanini alipita chini ya mlango, akavuta stuli, akaketi karibu naye.

"Alianguka?"

"Alikaa chini kidogo tu. Nikammwagia maji ya baridi. Akasema, mama, mlango wako haupendi wateja. Tukacheka. Akasimama, akaondoka kwa miguu yake mwenyewe! Akaenda kusukwa! Aliyeumia anakwenda kusukwa?" Sauti ilianza kupanda. "Unataka kusema nini? Yule mwanamume kamvuta mwanangu mkono, jirani kasikia. Na mimi nilimsikia kwenye simu, eti hospitali, hospitali! Mtu hang'ang'anii kumpeleka mkewe hospitali bila kujua alichomfanya. Mimi si mtoto."

"Hakujua, mama. Mwanao hakumwambia. Yeye alimwona anatapika, akaogopa."

"Kwa hiyo yeye ndiye aliyeogopa na mimi..." 

Bi Kwanini alimweleza. Alimweleza mfupa mwembamba na mshipa ulio nyuma yake, damu inayotoka ndani pasipo tone nje, na yule anayecheka mchana akakoroma usiku. Alimweleza kigaga na mafuta yaliyokaa juu yake. Hakulainisha neno, wala hakuongeza. Mama alisikiliza huku akilainisha kile kitambaa cheupe kwa kiganja, kutoka katikati hadi ukingoni, akarudia tena, ingawa hakikuwa na kunyanzi hata moja.

"Alipokupigia simu, ulimwambia nini?"

"Nikisema sikumbuki?"

"Nitabaki na maneno ya msusi, kwamba alikuwa na nundu. Hakumwambia msusi kalipata wapi. Wakili hodari anaweza kumtoa mkweo kwa hayo. Mkweo hana wakili. Kesho anasimamishwa mahakamani."

"Kwa hiyo mnifunge mimi."

"Sikuja kumfunga mtu. Nimekuja kuuliza."

Nje, watu walipita na kupunguza sauti walipofika mbele ya duka, kama inavyofanywa penye msiba. Mmoja alichungulia chini ya mlango, akasema, "Pole, mama, yule mshenzi atanyongwa tu," akaenda zake. Mama alimtazama mpaka miguu yake ikapotea.

"Aliniambia, mama, kichwa kinapasuka," alisema. "Maneno yake yalikuwa yanaburuzika. Nikadhani ni usingizi. Nikamwambia, nywele mpya huuma, hata mimi nililala nimekaa nilipokuwa mwari. Vumilia. Nikamwambia usimsikilize huyo mumeo, anataka wakufumue tu usipendeze mbele za watu. Meza dawa nyingine ulale. Akasema, haya mama." Alishika ukingo wa kitambaa cheupe. "Alikuwa mtoto msikivu."

Mlingoti alitoa kalamu, lakini Bi Kwanini alimkataza kwa jicho. Bado.

"Angepelekwa usiku ule," mama aliuliza, "kama alivyotaka yule... kama alivyotaka mume wake. Angepona?"

Hili ndilo swali ambalo Bi Kwanini alikuwa nalo tangu chumba cha maiti, na jibu lake alikuwa amelibeba siku nzima. Angeweza kusema Mungu ndiye anayejua. Angeweza kusema kazi ya daktari si kazi yangu.

"Wanatoboa fuvu, wanaitoa ile damu," alisema. "Akifika bado anaongea, wengi hupona."

"Wengi?"

"Wengi, mama."

Mama wa marehemu aliuweka mkasi mezani, mbali na mkono wake. Mdomo ulifunguka, lakini kilio hakikutoka. Alikaa hivyo, amefungua mdomo, hadi Mlingoti akageuka kutazama mabunda ya vitambaa ukutani.

Kisha alikikunja kile kitambaa cheupe kilichokatwa nusu, akakisogeza kando kupata nafasi ya karatasi.

"Mwambie kijana wako aandike," alisema. "Aandike mlango ni wangu. Aandike mimi ndiye niliyemwambia alale. Asome nisikie, nitie sahihi. Halafu nendeni mkamtoe mume wa mwanangu, aje tuzike."